Ukuta wa Mawe ya Makaburini

Mdogo wangu ana karakana ya kukata mawe Wadi Kabir, hapa Maskati. Ndiyo iliyomtoa kimaisha. Alianza na marumaru za jikoni na ngazi, kisha watu wa Maskati wakaingiwa na tamaa ya kuvalisha kuta zao mawe ya asili, yale ya kahawia yenye sura ya mlima, akawa hapumziki. Nyumba nyingi ninazozipita nikienda kazini Al Khuwair zina mawe yake usoni. Simsifu kwa kusema haya. Nasema ili ieleweke kwamba siku alipoyaona yale makaburi kwa mara ya kwanza, macho yake yaliona mawe ambayo mtu mwingine keshayachagua na keshayapanga.

Alikuwa amenunua shamba nje ya mji, mbali kidogo, barabara ya lami inaisha halafu unafuata wadi, mkondo mkavu wa mto. Ijumaa moja baada ya swala akatuchukua kwenda kuliona. Mama alikaa mbele, mie na wifi yangu nyuma, sufuria la pilau katikati yetu limefungwa kwa kanga, na watoto wake wawili wamebanwa mlangoni. Mama kazaliwa Unguja. Kwake yeye shamba ni mikarafuu, minazi na matope. Alishuka garini, akatazama changarawe na migunga mitatu iliyokauka, akasema:

"Hili ndilo shamba?"

"Litakuwa istiraha, mama," mdogo wangu akajibu. "Nyumba ya mapumziko. Bwawa la kuogelea pale, baraza pale, wewe utakaa kivulini tu."

"Kivuli cha nini?"

Mdogo wangu aligeuka akatuonesha mlima uliokuwa nyuma ya kiwanja. Haukuwa mrefu. Ulikuwa mgongo mmoja mwembamba wa jiwe jeusi, na juu yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na mafungu ya mawe yamejipanga kama meno yaliyong'oka baadhi.

Tulipokwisha kula tukapanda, mie na yeye. Kwa karibu hayakuwa mafungu. Yalikuwa majengo ya duara, mengine yamekwenda chini kabisa, mengine yamesimama kufika kifuani. Kuta zilikuwa mbili, moja ndani ya nyingine, za mawe bapa yaliyolazwa bila udongo wala saruji, na kila jiwe limejisogeza ndani kidogo kuliko la chini yake, ili juu kuta zikutane zenyewe ziwe paa. Moja lilikuwa karibu zima. Lilinipita kimo. Upande wa mashariki lilikuwa na mlango mdogo wa pembe tatu, wa kupita mtu kwa tumbo. Niliinama nikaingiza kichwa. Kulikuwa na baridi na vumbi na kinyesi cha popo, basi.

Niliyajua. Mie ni mchoraji wa ramani, na makaburi ya namna hii kwetu kazini yana alama yake, kiduara kidogo. Nikamwambia mdogo wangu kwamba haya ni makaburi ya watu wa kale, ya miaka kiasi cha elfu tano, kabla ya Uislamu, kabla nchi haijawa na jina. Alikuwa anagonga jiwe kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti.

"Hili halitaki hata msumeno," alisema.

Nilidhani anatania. Lakini sikucheka, kwa sababu wakati huo sisi wawili tulikuwa tumeshaacha kutaniana. Baba alipofariki, alifia kwangu. Mie ndiye niliyemuuguza, mie ndiye niliyekuwa nikimnywesha uji kwa kijiko. Nikatoka kwenda kuwapa habari jamaa, niliporudi mdogo wangu na wanaume wengine walikuwa wameshamchukua. Waliamua wamzike mji wa babu, ndani huko, milimani. Nilitaka azikwe hapa Maskati niweze kumzuru. Walinipigia simu wakiwa njiani. "Tumeshaondoka, dada," alinambia, kama mtu anayeaga kwenda sokoni. Kaburi la baba lina mawe mawili, la kichwani na la miguuni, kama ilivyo desturi yetu. Hakuna jina. Mara ya kwanza nilipokwenda sikulijua ni lipi, ikabidi nimpigie yeye simu aniongoze, naye akaniongoza kwa sauti ya kuchoka.

Kwa hiyo sikucheka.

Wiki kadhaa zikapita. Wifi akatualika tena, ujenzi umeanza, twende tukaone. Nilipoteremka garini nikauona ukuta mbele ya kiwanja, umekwenda mrefu, umefika kiunoni. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Lakini mawe ya mlimani yana pande mbili. Upande uliokaa juani muda wote unakuwa na ngozi nyeusi inayong'aa, na upande uliojificha unabaki mweupe kama mkate. Katika ukuta ule mawe mengine yalikuwa yamegeuzwa, weupe umetazama nje. Yale yalikuwa mawe ya ndani. Hayajaona jua tangu siku yalipowekwa, mpaka mdogo wangu alipoyatoa.

Nilipanda mlima na viatu vyangu vya ofisini. Makaburi mawili yalikuwa hayapo, zimebaki duara mbili chini kama alama za sufuria mezani. Lile lililokuwa karibu zima limevunjwa mlango. Wafanyakazi wa karakana walikuwa wamejipanga mteremkoni wakipokezana mawe mkono kwa mkono hadi kwenye pikapu.

Nikateremka mbio.

"Umeyatoa wapi mawe haya?"

"Si umeona? Mlimani."

"Mlima si wako. Mpaka wako unaishia pale kwenye nguzo."

"Mlima wa Mungu, dada."

"Yale ni makaburi!"

"Makaburi ya nani? Mtaje hata mmoja. Watu hata shahada hawaijui." Alisema kwa sauti ya juu ili mkewe asikie. "Wewe umezoea kuchora mistari. Usije ukanifundisha mie mawe."

"Na baba ana mawe mawili juu yake," nikamwambia. "Nayo yakikupendeza utayachukua?"

Uso wake ulibadilika. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Usimtie baba katika mambo haya."

"Wewe ndiye uliyemtia pahala nisipopajua."

"Basi!" Mama alipiga kelele kutoka kwenye mkeka. "Mbele ya watoto! Mbele ya wafanyakazi! Hamna haya nyinyi?"

Mdogo wangu aliwageukia wafanyakazi, waliokuwa wamesimama na mawe mikononi, akawaambia kwa Kihindi kile cha karakana waendelee. Aliwaambia wao, lakini muda wote alikuwa ananitazama mie.

Hapo ndipo ikaja gari kuukuu kutoka ng'ambo ya wadi, kilipo kijiji. Akashuka mzee mmoja mwembamba, kilemba kimefungwa vizuri, na fimbo. Hakutoa salamu. Kwa Mwarabu wa bara kukufikia bila salamu ni sawa na kukutemea mate, na sote tulilielewa hilo, hata watoto.

"Nani kawaruhusu?" akauliza kwa Kiarabu.

Mdogo wangu alijaribu kwanza kuwa na adabu. Alimkaribisha kahawa, akamwambia kiwanja ni chake na hati anazo. Mzee akawa anasikiliza, lakini pembeni mama alikuwa ananong'ona na wifi kwa Kiswahili, na sikio la mzee likaenda huko.

"Aa," akasema. "Wazinjibari."

Lile neno, watu wa Zanzibar, wenyewe tunalitumia nyumbani, na lina utamu wake. Kinywani mwake lilikuwa jengine.

"Mmerudi kutoka Afrika," akaendelea, "mkapewa vyeo, mkapewa ardhi. Sasa mnawabomoa wazee wetu mjengee baraza."

"Babu yangu kazaliwa mji wa nyuma ya milima hii," mdogo wangu akasema. "Kachimba mfereji wa maji kwa mikono yake."

"Babu yako aliondoka. Aliyeondoka, kaondoka."

Mama alisimama. Alijitanda vizuri, akaja mpaka mbele ya yule mzee, akasema naye kwa Kiarabu. Kiarabu cha mama ni sahihi lakini kina lafudhi ya Unguja, na kila aendapo, sokoni au hospitali, wapo wanaoinamisha nyuso ili wacheke. Alimwambia: "Mume wangu kalala katika ardhi hii. Nawe hukumjua. Mwogope Mungu kwa maneno yako."

Mzee akatabasamu. Hakuyatabasamia maneno. Ilikuwa ile lafudhi.

Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyomchukia mdogo wangu. Na nilikuwa nimeona kitu kutoka juu ya mlima: upande wake wa wadi kuna zizi la mbuzi, na kuta za zizi ni mawe yale yale bapa, yenye ngozi ile ile nyeusi.

"Na zizi lako," nikamwambia, "mawe yake yalitoka wapi?"

"Aliyachukua babu yangu."

"Kwa hiyo babu yako pia aliwabomoa."

"Babu yangu ni wa hapa. Alichukua vyake." Akaninyooshea fimbo. "Wewe mwanamke huna la kusema hapa."

Akaingia garini akaondoka, vumbi likatuingia katika pilau.

Ningependa kusema kwamba matusi yale yalituunganisha, mie na mdogo wangu. Kwa muda wa kurudi mjini yalituunganisha kweli. Tulikaa garini tukimlaani yule mzee kwa zamu. Lakini kesho yake mdogo wangu akanipigia simu kazini, sauti imemchangamka.

"Nimepeleka pikapu mbili zaidi," akasema.

"Za nini?"

"Nitaumaliza mlima mzima. Nataka aamke asubuhi atazame, asione kitu. Tuone nani wa hapa."

"Kama ni kuonesha, mwoneshe yeye. Wale waliolala pale hawakukutukana."

"Wale hawapo, dada. Wale ni vumbi."

Nikamwambia aache. Akakata simu.

Nilikaa kidogo na simu mkononi. Mbele yangu palikuwa na ramani, si ya mlima ule, ya pahala pengine kabisa. Kisha nikaitafuta ofisi ya serikali inayoangalia mambo ya kale, nikawapigia. Nilitaja jina langu. Niliwaeleza mlima uliko, makaburi mangapi yameshavunjwa, na mawe yapo ukutani mwa nani. Yule aliyepokea akauliza kama kuna jengine. Nikamwambia kuna zizi la mbuzi ng'ambo ya wadi, nalo likatazamwe. Nikaweka simu nikaendelea na kazi. Nilikuwa na hasira tu.

Mama alikuwa akiishi kwangu tangu baba afariki, katika fleti yangu. Mdogo wangu alikuwa na kawaida ya kuja kumwamkia alasiri, kunywa chai ya tangawizi na kuondoka. Siku chache baada ya simu ile alikuja amevimba. Hata viatu alivua kwa kuvirusha.

"Wamekuja watu wa serikali," akamwambia mama. "Watatu. Mkubwa wao mwanamke, kijana tu, na mabuti kama ya jeshi. Wamesimamisha kazi. Wamepiga picha kila jiwe. Ukuta usiguswe, na mambo yanapelekwa kwa waendesha mashtaka."

"Subhana Llah," mama akasema. "Kwa mawe?"

"Nikamwambia yule mwanamke, basi bibi, nitayarudisha, wafanyakazi ninao, kesho yote yatakuwa yamerudi. Akanambia huwezi kuyarudisha. Ati nani anajua lipi lilikaa juu ya lipi. Ati nilichonacho sasa ni mawe tu." Akapiga goti lake kwa ngumi. "Ni yule mzee. Ni yule mzee mwana haramu aliyepeleka habari."

Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na sahani ya mandazi.

"Nakwenda kwake," akasema. "Sasa hivi. Nimekuja na watu wawili, wananingoja chini garini. Nitamfundisha maana ya Mzinjibari."

"Usiende," mama akasema. "Mwanangu, usiende, yule mtu mzima."

"Mtu mzima aliyekucheka usoni!"

Alikuwa keshasimama anatafuta funguo. Mdogo wangu hatishii bure. Tangu utoto, akisema atapiga, hupiga. Nikaweka sahani mezani.

"Si yeye," nikasema. "Ni mie."

Hakuelewa. Alinitazama kama niliyesema kwa lugha nyengine.

"Mie ndiye nliyepiga simu. Yule mzee hajui kitu. Wamenipigia leo kunambia wamekwenda hata kwake, wamelipiga picha zizi lake."

Mama alikuwa anamimina chai. Aliiweka chupa chini polepole bila ya kufunga kifuniko.

"Wewe?" mdogo wangu akauliza.

"Mie."

"Kwa ajili ya mifupa ya makafiri."

"Kwa ajili ya makaburi. Nilikwambia uache, hukutaka."

"Umemuuza ndugu yako kwa mtu aliyemtukana mama yako."

Hilo lilinipata. Lilinipata kwa sababu mtu wa nje angeliona hivyo hivyo, na mama aliliona hivyo hivyo. Nilimtazama nikauona uso wake umejifunga.

"Sikukuuza kwa mtu," nikasema. "Ungetoka hapa ukaenda kumpiga mzee wa watu kwa kosa lisilo lake. Ndiyo maana nakwambia."

Alicheka. "Sasa umekuwa mtu wa haki. Dada mtu wa haki. Toka siku ile ya baba unatafuta njia ya kunilipa, leo umeipata."

Nilijiuliza kama ni kweli. Mpaka leo najiuliza. Lakini najua pia kwamba hata ningekuwa nampenda kama zamani ningepiga simu ile, pengine ningechelewa siku mbili.

"Ondoka," mama akasema.

Nilidhani anamwambia yeye, aondoke kabla mambo hayajaharibika zaidi. Kumbe alikuwa ananitazama mie.

"Mama, hapa ni kwangu."

"Basi mie ndiye ntakayeondoka. Siwezi kukaa nyumba moja na mtu anayempeleka ndugu yake serikalini. Nna watoto wawili tu duniani, na mmoja kesharukwa na akili."

Alikwenda chumbani. Nilimsikia akifungua kabati. Alitia kanga zake, msahafu, dawa za sukari, marashi, na picha ya baba iliyokuwa juu ya meza. Nilisimama mlangoni nikamwambia, mama, usifanye hivi, kaa tuzungumze. Hakugeuka. Mdogo wangu alibeba begi, akapita mbele yangu kwa bega, akanisukuma kidogo, si kwa nguvu. Niliwaona kutoka dirishani. Aliwateremsha wale watu wawili wa karakana wakatafute teksi, ili mama apate pa kukaa.

Mambo ya mashtaka yalikwisha kwa adhabu ambayo hakuna aliyenambia na mie sikuuliza. Mawe ya ukutani yaliandikwa nambari kwa rangi nyeupe, moja moja, kisha lori likaja likayachukua kwenda kuwekwa ghala fulani. Mlima ukazungushwa waya. Istiraha haikujengwa. Mdogo wangu bado anakata mawe, na nasikia sasa anayaleta kutoka nje.

Nilikwenda kule mara moja, peke yangu, wakati wa baridi. Nilitaka kuliona lile kaburi lililovunjwa mlango. Nilipofika tu, ile gari kuukuu ikaja. Yule mzee safari hii pia hakutoa salamu.

"Mbuzi wangu hawapandi tena mlimani," akasema. "Waya huu umeletwa na watu wenu."

"Umeletwa na mie."

Alinipima kwa macho, ushungi hadi viatu; nadhani ndipo alipofahamu nani aliyewatajia zizi lake. Alisema neno moja, ambalo silitii katika maandishi, kisha akanambia niondoke kabla hajaita wanawe.

"Waite," nikamwambia.

Hakuwaita. Alikaa garini, mlango wazi, miguu nje, akinilinda, nami nikapanda mpaka kwenye waya nikasimama. Kaburi lilikuwa limeinama upande wa mlango. Jiwe moja la juu lilikuwa limeponyoka, limejilaza juu ya changarawe, upande wake mweupe juu. Upepo ulikuwa mkali na ulikuwa unaniliza macho. Nilifikiri kuhusu waliolala pale, kwamba walibebwa na ndugu zao mpaka juu, mzigo wa maiti na mzigo wa mawe, na pengine nao njiani walikuwa wanagombana nani kaamua, kwa nini huku, kwa nini si kule. Kisha nikateremka. Mzee alisogeza gari ili nipite, kidogo tu, sehemu ya kupita mtu.

Sikukuu ilipofika nilikwenda kwa mdogo wangu kumwamkia mama. Wifi alifungua mlango akasema karibu, bila ya kunitazama. Nilipoingia ukumbini mdogo wangu aliinuka akatoka kwa mlango wa pili, na kikombe chake mkononi. Mama alinipa mkono nikaubusu. Ulikuwa unanukia marashi yale yale. Wifi alileta halua na kahawa, akaviweka mbali na nilipokaa, ikabidi niinuke kuvifuata.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo."

"Dawa unazipata?"

"Mwanangu ananiletea."

Tukakaa. Watoto walikuwa chumbani wanacheza na simu, hawakuitwa waje kuniamkia.

"Wewe," mama akasema mwisho, "unawajali waliokufa. Walio hai huwajali."

"Nawajali, mama."

"Huwajali."

Nilimaliza kahawa. Nilimbusu tena mkono, nikaaga, na hakuna aliyenisindikiza. Chini wafanyakazi wawili wa karakana walikuwa wanaosha gari la mdogo wangu. Mmoja alinitolea salamu ya sikukuu na kutabasamu. Mwenzake akamwambia neno kwa chini, naye akarudisha uso kwenye gari akaendelea kusugua.